Njia Zilizochorwa na Ng'ombe

Kati ya Merti na Biliqo, kaskazini mwa Kenya, ukiiacha barabara ya magari na kuingia porini upande wa mto, kuna vijia. Havimo katika ramani yoyote niliyowahi kuishika. Upana wake ni kwato mbili, pengine tatu. Vimezama kidogo ardhini, na udongo wake umekandwa hadi ukawa mgumu kama sakafu. Vinapinda bila sababu unayoiona mara moja. Unapinda navyo, na baada ya mita 50 sababu inajitokeza: jiwe jeusi la volkeno lililofichwa na nyasi, kichaka cha miiba, mahali ambapo mvua ilimega ukingo. Ng'ombe walijua. Mifugo ya Waborana wa eneo la Waso imepita hapa vizazi kwa vizazi ikienda kunywa kwenye mto Ewaso Nyiro, na njia iliyoichora ndiyo njia bora ya baiskeli niliyowahi kupita maishani mwangu.

Neno "bora" silitamki ovyo. Wapenzi wa baiskeli za milimani wana mahali pao pa kuota, na wengi huota Ufaransa: misitu iliyotulia, mashamba yasiyo na kelele, vijia vilivyowekwa alama ya pembetatu na miduara miwili, kijani kwa njia rahisi, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa wenye moyo mgumu. Wafaransa wana haki ya kujivunia. Kati ya 1951 na 1956, vijana wapatao 20 wa klabu iliyoitwa Vélo Cross Club Parisien walizifanyia marekebisho baiskeli zao na kuzipitisha kwenye mizizi na matope karibu na Paris. Ilikuwa zaidi ya miaka 20 kabla ya vijana wa Kaunti ya Marin, California, kuanza kushindana kwa baiskeli kuukuu kwenye mteremko wa Repack mnamo Oktoba 1976. Mteremko huo ulipata jina lake kwa sababu ya breki: zilipata moto hadi grisi ndani ya kitovu cha gurudumu ikaungua, na baada ya kushuka ilibidi kitovu kifunguliwe na kupakwa grisi upya. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia Olimpiki, kule Atlanta.

Katika historia hiyo napenda jambo moja ambalo halisemwi sana. Hao wote hawakuanza kwa kuchonga njia. Waliazima. Wa Paris waliazima vijia vya msituni walivyovikuta, wa Marin wakaazima barabara za udongo zilizotengenezwa kwa ajili ya wazima moto. Baiskeli ya porini tangu mwanzo ni mgeni kwenye njia ya mwenyewe, na ufundi wake wote, kwa jinsi ninavyouelewa mimi, ni ufundi wa mgeni: kutazama mwenyeji alivyopita, na kupita hivyo hivyo.

Huku Biliqo mwenyeji ni ng'ombe, na ng'ombe huandika wazi. Vijia vikiungana mbele yako, viwili vikawa kimoja, kimoja kikapokea kingine kutoka kulia na kuzidi kuwa kipana, unakwenda majini. Vikianza kutengana kama vidole vya mkono, umeyapa maji kisogo, unaelekea malishoni. Nilipolielewa hilo niliacha kutoa simu mfukoni kila mara kuangalia niko wapi. Samadi nayo ina habari: mbichi inakuambia kundi limepita leo asubuhi, na kwamba mbele kuna mtu wa kumwamkia. Nyayo za mbuzi hutawanyika kwa sababu mbuzi hula akitembea. Nyayo za ng'ombe aliyekwisha kunywa huwa nzito na za polepole. Punda aliyebeba maji huenda moja kwa moja hadi nyumbani, na ukiwa umepotea, mfuate punda.

Vijia vingine nilivikuta vimeota nyasi katikati. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo kaskazini mwa Kenya, na mifugo ilikufa kwa wingi. Kijia huishi kwa kukanyagwa. Nikipita kwenye kijia kama hicho, magurudumu yakikata nyasi changa, huwa nashuka mwendo bila kujiamuru.

Safari yenyewe huanza gizani, watu wakitoka kuswali alfajiri. Merti haifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, na joto la saa nne asubuhi si la kubishana nalo. Ukielekea Biliqo, mto uko kushoto, umejificha nyuma ya mikoma na migunga mirefu. Kulia, mbali, ni uwanda wa juu wa Merti wenye mawe yake meusi. Jua huchomoza mgongoni. Hilo laonekana jema, kumbe lina mtego wake: kivuli chako mwenyewe kinalala mbele ya gurudumu na kufunika kila shimo. Nilianguka mara mbili kabla ya kujifunza kutazama mbele ya kivuli, mita 10 au 15 huko, na kuiacha mikono ikumbuke kile ambacho macho yalikwisha kukiona. Huo ndio msingi. Jicho husoma mstari wa mbele wakati mwili ukitamka mstari wa nyuma, kama msomaji mzuri wa kitabu mbele ya watoto.

Halafu kuna laga. Mito mikavu inayoshuka kuelekea Ewaso Nyiro ina mchanga mwororo kama unga, na hapo nguvu za miguu peke yake hazikusaidii kitu. Mwenye haraka hukunja ngumi kwenye usukani, akauelekeza kwa lazima, na gurudumu la mbele likazama papo hapo. Kabla ya kushuka ukingo, punguza upepo kwenye matairi hadi yalegee kidogo na kutanuka chini. Weka gia nyepesi ungali kwenye udongo mgumu. Sogeza makalio nyuma ili mzigo utoke gurudumu la mbele. Kisha shika usukani kama unavyomshika kifaranga, usije ukamwumiza wala asiruke, na ukanyage kwa mzunguko mmoja usiokatika. Baiskeli itayumba. Iache iyumbe. Mchanga una mapenzi yake, na gurudumu lililoachiwa hupata njia ambayo mkono haungeipata. Kuna siku nilivuka laga pana bila kuweka mguu chini, na ng'ambo nilisimama chini ya mgunga nikitweta, nimefurahi kuliko siku niliyopata mshahara wa kwanza. Kuna siku nyingine, laga ile ile, nilisukuma.

Kenya ina wapanda baiskeli hodari, nami huwasoma kwa fahari. David Kinjah na vijana wake wa klabu ya Safari Simbaz, kule Kikuyu, walimpokea mtoto mmoja aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, wakampeleka kwenye vilima na barabara za udongo. Mtoto huyo, Chris Froome, alikuja kushinda Tour de France mara 4, akishindana kama mwendeshaji wa Uingereza. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alikuwa miongoni mwa walioyavuta macho ya dunia kwenye barabara zetu za vumbi kupitia mashindano ya Migration Gravel Race yaliyoanza 2021 katika nchi ya Wamaasai. Alifariki Agosti 2022 akishindana Vermont, Marekani, na mimi niliyekuwa sijawahi kumpa mkono nililia kama niliyefiwa na ndugu. Mashindano yana uzuri wake. Lakini anayeshindana hana nafasi ya kusimama kumsalimia mchungaji, na huku Waso asiyesalimia hajafika.

Kwa sababu hili si pori tupu. Wageni hulisema neno hilo wakitazama kwenye dirisha la gari, na linaniumiza kila nikilisikia. Waborana wana dedha, utaratibu wa wazee wa kugawa malisho: haya ni ya wakati wa mvua, haya ya kiangazi, na haya yameachwa akiba kwa ajili ya ukame, hayaguswi. Maji nayo yana msimamizi wake, aba herega, anayejua nani ananywesha lini. Unapokata kona chini ya migunga ukidhani uko peke yako duniani, uko ndani ya mpango wa watu. Kwa hiyo kabla ya kutoka Merti natoa taarifa, nauliza wazee upande gani uko salama, kwani migogoro ya malisho hutokea na haijali baiskeli. Nauliza upande gani umefungwa. Nikikutana na mtu njiani nashuka kabisa, mguu wote chini, ndipo natoa salamu: nagaa. Maana yake ni amani. Salamu hiyo haitolewi ukiwa umekalia kiti.

Kuna kimya, nacho nakipenda kuliko vyote. Kelele za pikipiki humtangulia mwenyewe kwa kilomita. Baiskeli kwenye udongo uliokandwa haitoi ila mnong'ono wa cheni. Ndiyo maana nimepata kumwona swala twiga amesimama kwa miguu ya nyuma, shingo ndani ya majani, akiendelea kula nami nikiwa karibu kiasi cha kusikia anavyotafuna. Nimeona choroa wakivuka njia kwa utulivu, kama wazee wanaotoka baraza. Lakini kimya hicho kina hatari. Kwenye msitu wa kando ya mto tembo naye hutumia njia ya ng'ombe, na tembo aliyeshtushwa kwa ghafla hana subira. Wachungaji wamekuwa wakilijua hilo siku zote: hupiga mluzi, huimba, huzungumza na wanyama wao kwa sauti wanapoingia penye miti minene. Nami hufanya hivyo. Nikifika kwenye mikoma napunguza mwendo na kuimba, nyimbo za harusi za kwetu hasa, kwa sababu hazina mwisho.

Nusu ya ufundi huu, hata hivyo, hufanyika baiskeli ikiwa imepinduliwa, kiti chini na magurudumu juu. Maadui wakubwa wa huku si simba. Ni mwiba mrefu mweupe wa mgunga, unaopenya tairi moja kwa moja, na mbigili, kadude kadogo kenye pembe kali kanakolala mchangani, pembe moja ikitazama juu daima. Fundi aliyenifundisha alikuwa na kibanda chini ya mti Isiolo mjini: pampu ya mguu, karai la maji, kopo la gundi na mfuko wa vipande vya tyubu kuukuu. Alifanya kazi kimya, akaniruhusu niangalie. Kwanza sugua kwa msasa hadi mpira upoteze mng'ao wake wote. Paka gundi nyembamba, kisha, na hapa ndipo wengi huharibu, ngoja. Kiraka kilichobandikwa gundi ikiwa mbichi kitaachia kesho. Ngoja mpaka ukiigusa kwa mgongo wa kidole isishike. Ndipo ubandike kiraka na kukigonga kutoka katikati kwenda pembeni. Kabla hujarudisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi lote, polepole, kwa sababu mwiba uliokutoboa bado umo.

Nilimuuliza nitafanyaje mahali ambapo siwezi kuomba karai zima la maji. Akaichukua tyubu, akaijaza upepo, akaipitisha taratibu karibu na mdomo wake wa juu, macho yamefumbwa. "Ngozi ya hapa inasikia kila kitu," akasema.

Safari yangu ya mwisho nilifika Biliqo saa tatu na nusu. Nilikuwa nimeegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka nikinywa chai, mzee mmoja akaja kutoka upande niliotokea, fimbo mabegani, shuka begani. Tulisalimiana kwa kirefu: nyumbani, watoto, mifugo, mvua. Akaiangalia baiskeli, kisha akaniangalia mimi.

"Wewe ndiye ulilala chini ya mgunga mkubwa pale lagani?"

Nikamwambia sikulala, mzee wangu, nilipumzika tu.

"Ulipumzika sana. Na kabla ya hapo ulishuka, ukasukuma kwa mguu. Alama yako ilikuwa moja, nyembamba. Baada ya mgunga, ile ya nyuma ikawa pana." Akanyoosha fimbo kuelekea gurudumu. "Hiyo ya nyuma inakufa."

Nilibonyeza tairi kwa kidole gumba, likaingia ndani. Nikaipindua baiskeli, nikatoa tyubu, nikaijaza upepo kadiri ilivyokubali. Duka lilikuwa na madumu mawili ya maji yaliyoletwa na punda asubuhi ile. Sikuyaangalia mara mbili. Nilifumba macho na kuanza kuipitisha tyubu karibu na mdomo, sentimita moja baada ya nyingine, lakini upepo wa saa nne ulikuwa umeamka na kila upande wa uso wangu ulikuwa unaguswa. Mzee aliona ninachotafuta. Akasogea akasimama kati yangu na upepo, akalishusha shuka lake begani na kulitandaza kwa mikono miwili, akaninyamazia. Nikaanza tena kutoka kwenye valvu. Karibu na mwisho wa mzunguko nikausikia, mwembamba kama uzi, ukigusa mdomo wa juu.