Hojaji Isiyomruhusu Mwanachuo Kutaka Yote

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa nne hojaji ya tunu za kazi, yaani mambo anayoyathamini katika kazi: mshahara, usalama wa ajira, nafasi ya kujifunza, uhuru, heshima. Mwombe atie alama kuanzia 1 hadi 5. Atajaza 4 na 5 kutoka juu hadi chini, wala hatakuwa amekudanganya. Nani aliyebakiza muhula mmoja ahitimu atakwambia kwamba mshahara si kitu kwake, au kwamba hajali akifutwa kazi? Kasoro iko kwenye swali lenyewe. Linamruhusu kutaka kila kitu bila kulipia chochote.

Ukanda wa Ruiru hadi Thika, nchini Kenya, unalionyesha tatizo hili vizuri. Ukipanda matatu kwenye barabara kuu ya Thika unavipita vyuo vikuu: Zetech upande wa Ruiru, kisha JKUAT pale Juja, na hatimaye Mount Kenya na Gretsa vya Thika. Kandokando kuna Brookside na maziwa yake, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, kampuni za Tatu City, mananasi ya Del Monte na mafuta ya kupikia ya Bidco. Anayehitimu hapa hupima mkataba wa kiwandani dhidi ya ualimu wa serikali chini ya TSC, kazi ya Nairobi na nauli yake ya kila siku dhidi ya biashara yake mwenyewe mtaani. Matokeo yanayosema anataka yote hayamfai mshauri wa kazi chuoni, wala hayamfai mwajiri.

Umbo la hojaji hiyo lina historia. Donald Super, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha kipimo chake mwaka 1970 kikiwa na kauli 45, tatu kwa kila moja ya tunu 15, na kila kauli ikipewa alama 1 hadi 5. Hujazwa upesi na kujumlishwa kwa urahisi, ndiyo maana umbo lake limeigwa sana. Udhaifu wake ni kwamba watu hawatumii alama kwa namna moja: kuna mkarimu na kuna mbahili.

Shalom Schwartz, mtafiti mashuhuri wa tunu za binadamu, hutumia hesabu kurekebisha hilo: kila alama ya mtu hupunguzwa wastani wa alama zake zote. Tuseme mwanafunzi wa kwanza ameupa mshahara 5 na wastani wake ni 4.8, huku wa pili ameupa 4 na wastani wake ni 3.2. Baada ya kutoa, wa kwanza ana 0.2 na wa pili ana 0.8. Yule aliyeonekana kuujali mshahara kidogo ndiye anayeuweka juu zaidi miongoni mwa mambo yake. Hila hiyo ni nzuri, ila ina ukomo. Aliyejaza 5 kila mahali hubaki na sifuri kila mahali, kwa sababu hesabu haiwezi kuzaa uchaguzi ambao mtu hakuufanya.

Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kundi la René Dawis na Lloyd Lofquist liliushughulikia uchaguzi wenyewe tangu miaka ya 1960. Walichukua mahitaji 20 ya mtu kazini, wakayapambanisha mawili mawili, na mhojiwa akatakiwa kusema lipi ni muhimu zaidi kwake. Mahitaji 20 huzaa jozi 190. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa humponyoka mara 190. Gharama yake ni uchovu: ukimwekea karatasi hiyo mwanafunzi anayekimbizana na mradi wa mwisho wa masomo, jozi za mwisho atazijaza kwa kubahatisha.

Iko njia ya kupata uchaguzi huo bila kumchosha mtu, na mtafiti wa Thika anaweza kuipanga kwa kalamu. Chagua tunu 7 tu: 1 mshahara, 2 usalama wa ajira, 3 kujifunza, 4 uhuru, 5 heshima, 6 uwezo wa kusaidia familia, 7 kazi iliyo karibu na nyumbani. Ukizipanga mbili mbili utapata jozi 21. Sasa ziweke kwenye makundi saba ya tatu tatu: 1-2-4, 2-3-5, 3-4-6, 4-5-7, 5-6-1, 6-7-2 na 7-1-3. Kagua mwenyewe: kila tunu inatokea mara tatu, na kila jozi inakutana mara moja tu. Katika kila kundi mwanafunzi anataja ya muhimu zaidi na isiyo muhimu zaidi. Iliyobaki inakaa katikati yenyewe, kwa hiyo kundi moja limekupa majibu ya jozi tatu. Maswali saba yamemaliza jozi zote 21.

Alama za kila tunu ni mara ilizochaguliwa kuwa juu, ukitoa mara ilizowekwa chini, kuanzia -3 hadi 3. Faida nyingine ni kwamba majibu yanajikagua yenyewe. Mtu akiweka mshahara juu ya usalama, usalama juu ya kujifunza, halafu kujifunza juu ya mshahara, amezunguka. Tunu 7 zina utatu 35. Saba kati yake ndiyo makundi tuliyouliza, na humo hawezi kuzunguka, kwa hiyo zinabaki 28 za kukagua. Anayejibu kwa kubahatisha hutarajiwa kuzunguka katika robo yake, yaani mara 7 hivi. Karatasi inayokaribia idadi hiyo iwekwe kando kabla ya kuhesabu wastani wa darasa.

Hata hivyo, mbinu hii ina masharti yake. Jumla ya alama za kila mtu ni sifuri daima, hivyo tunu moja ikipanda nyingine lazima ishuke. Alfa ya Cronbach, kipimo cha uthabiti wa ndani wa hojaji kinachodaiwa kiwe angalau 0.70 katika tasnifu nyingi, hakifai kwa alama za namna hii. Uthabiti upimwe kwa kurudia maswali baada ya majuma kadhaa. Tena, alama zinasema mshahara unamshinda nani ndani ya moyo wa mtu mmoja, hazisemi kama anaujali kuliko jirani yake darasani. Watu wa Minnesota walilijua hilo, wakaongeza maswali 20 ya ndiyo au hapana juu ya kila hitaji, na hojaji yao ikafika maswali 210. Kwa tunu zetu saba, maswali saba ya nyongeza yanatosha: je, ungekubali kazi isiyo na jambo hili?

Orodha yenyewe nayo ina uzito. Super alikuwa na tunu 15, lakini kulipia wadogo zako karo hakukuwa na safu yake. Mtafiti akileta orodha ya kigeni bila kuanza na mahojiano ya wazi, atapima kwa usahihi mkubwa mambo yasiyo ya hapa. Namna ya kuuliza pia ina funzo karibu nasi. Dodoso la awali la Schwartz lilitumia maneno makavu ya dhana, likawashinda vijana na watu wasiozoea maswali ya aina hiyo. Akabuni jingine linaloeleza mtu fulani na anachokipenda, kisha kuuliza: mtu huyu anafanana nawe kiasi gani? Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha majaribio ya dodoso hilo, na miongoni mwa waliojibu walikuwamo wasichana wa Uganda wa miaka 13 na 14.

Kuhusu sampuli, wanafunzi wetu hukimbilia fomula ya Yamane: idadi yote, igawanywe kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalovumilika. Wahitimu watarajiwa 6,000, kwa kosa la 0.05, hutoa 375. Fomula inasema ni wangapi, haisemi ni akina nani. Ukituma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la darasa, utawapata wenye bando na wenye nafasi. Mwanafunzi wa jioni aliyekwisha ajiriwa anajua mshahara wa kweli ulivyo. Aliyetoka mafunzo ya kazini juzi amekwisha kumwonja meneja. Ambaye hajayapitia bado anachagua kwa kuwaza. Watenganishwe kwa matabaka kabla ya kuchukua sampuli, na waulizwe pia kama wana mkopo wa masomo wa HELB wa kulipa, maana deni linaweza kuusukuma mshahara juu bila tunu yenyewe kubadilika.

Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI na idhini ya kamati ya maadili ni lazima, lakini havizuii aibu. Karatasi ikikusanywa na mhadhiri anayesahihisha mitihani, kujifunza kutapanda na mshahara utashuka. Ikusanywe na mtu asiye na alama za kutoa, bila majina.

Kazi ikikamilika hivyo, maswali hayo hayo saba yapelekwe kwa maofisa wa rasilimali watu wa viwanda vya Thika na Ruiru, waulizwe kazi zao zinatoa kipi zaidi na kipi kidogo. Tofauti ya orodha hizo mbili ndiyo itakayomweleza mshauri wa chuo amtayarishe mwanafunzi kwa lipi, na kumwonyesha mwajiri kwa nini vijana anaowaajiri wanaondoka.