Silikoni: Jina Moja, Vitu Viwili

Katika tafsiri za miongozo ya ufundi, neno silikoni hubebeshwa maana mbili. Kwanza ni elementi yenye namba atomia 14, nusukipitishi kinachotengenezewa transista. Pili ni jamii ya polima, zikiwemo resini zinazopakwa kwenye nyaya za mota ili umeme usivuje. Kiingereza huvitenga vitu hivi kwa irabu moja ya mwisho. Sisi, kwa desturi yetu ya kumaliza maneno kwa irabu, tumeifuta tofauti hiyo. Hivyo mwanafunzi hufundishwa kwa jina moja nusukipitishi na kihami.

Gundi na utomvu, maneno yanayomjia mfasiri upesi, hayafai. Gundi huunganisha, resini hii aghalabu hupakwa. Utomvu hutoka mtini. Resini hii hutengenezwa kiwandani kwa kuchanganya klorosilani na maji, kisha hukomazwa kwa joto hadi iwe wavu mgumu wa atomu za silikoni na oksijeni zinazopokezana. Wavu huo ndio unaoiwezesha rangi ya dohani kustahimili joto.

Hata jina la asili lina kasoro. F. S. Kipping wa Nottingham alilibuni mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kufananisha na ketoni, ilhali muundo si wa ketoni.

Basi silikoni ibaki kwa elementi, na polima ziitwe polisiloksani. Sokoni watu waseme watakavyo. Katika kitabu cha shule na hati ya zabuni, neno refu lisilopotosha ni bora kuliko fupi lenye utata.