Mwezi, Malkia na Kilele cha Ruwenzori

Tamathali haipimwi kwa rula ya mchora ramani. Kwa kauli hii na tuyalinganishe majina mawili ambayo wageni wameupa Ruwenzori, mlima ulioko mpakani mwa Uganda na Kongo.

La kwanza, Milima ya Mwezi, limo katika Jiografia ya Ptolemy wa Iskanderia, na wengi wamelinasibisha na Ruwenzori. Kitabu hicho hicho kinamtaja Diogenes, baharia aliyesukumwa na kaskazi hata akajikuta jirani na Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu. Waandishi wa Kiarabu walilipokea jina. Al-Idrisi alilitia katika ramani yake ya mwaka 1154. Na kwa kuwa hati yao hailazimishi irabu, wapo waliosoma qamar, yaani mwezi, na wapo waliosoma qumr, neno lile lile la visiwa vya Komoro. Msomaji aliyelelewa na tenzi zilizoandikwa kwa hati hiyo anaijua ladha ya utata huo: herufi tatu, maana mbili, wala moja haikuifukuza mwenziwe.

La pili ni Margherita. Mwaka 1906 mmoja wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alifika kileleni, mita 5,109, akakiita kwa jina la malkia wa kwao. Kilele cha jirani akakipa la Alexandra, malkia wa Uingereza. Hapa hapana mshabaha baina ya jina na chenye kuitwa. Ni tunu ya heshima tu, na tunu humsifu apewaye, si mlima.

Hata hivyo, Mwezi nao ni neno la aliye mbali. Wakonzo, ambao ndugu zao upande wa Kongo huitwa Wanande, humtaja Kitasamba, mwenye kukaa thelujini. Kwao weupe ule si pambo la kufananishwa na kitu, ni makazi. Kina hicho majina yote mawili yamekikosa.

Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea kiasi cha kilomita za mraba 7. Mwanzoni mwa karne ya 21 haikufika 2, na imeendelea kupungua. Mshairi anayeusifu leo kwa weupe wa milele anasema uongo usiokuwa hata na uzuri. Atakaye kuutunga mlima huu na aanze na kuyeyuka kwake, kisha aulize: makazi yakisha, Kitasamba ataitwa kutoka wapi?