Hospitali ndani ya kompyuta: namba iliyommeza nesi

Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa Marburg imeingia Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi 13, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10: wawili walithibitishwa na maabara, wanane waliorodheshwa bila kipimo. Wote 10 walifariki. Sasa tuulizane: modeli za kompyuta zingemsaidia nini nesi wa Biharamulo, au wa Ngara pale jirani?

Tuichukue modeli moja maarufu ya Ebola, ndugu wa Marburg, iliyotolewa na Legrand na wenzake mwaka 2007 kwa takwimu za Kikwit (1995) na Gulu (2000). Inawagawa watu makundi sita: wasioambukizwa, wenye virusi bila dalili, wagonjwa walio mtaani, waliolazwa, waliofariki lakini hawajazikwa, na waliopona au kuzikwa. Kompyuta inawahamisha kutoka kundi hadi kundi. Uzuri wake ni kwamba haichanganyi nyumbani, hospitali na msibani kwenye chungu kimoja. Ukitaka kujua kwa nini mazishi salama ni muhimu, ianze hiyo.

Ila ikifika wodini, inapwaya. Kwa Gulu, mchango wa hospitali katika kuenea kwa ugonjwa ulitoka karibu na sifuri. Lakini Gulu hiyohiyo ndiko Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor aliambukizwa na kufariki Desemba 2000, na wauguzi kadhaa wa hapo pia walikufa. Hesabu haijadanganya, ni wastani tu. Wahudumu ni wachache kuliko wanavijiji, kwa hiyo vifo vyao haviutikisi wastani. Wilayani, vifo vya manesi watatu vinaweza kufunga wodi nzima.

Tatizo la pili: waliolazwa wote wana namba moja ya maambukizi. Yule aliyetengwa, anayehudumiwa na nesi aliyevaa kinga kamili, ni sawa na yule anayetapika wodi ya kawaida huku akitibiwa malaria. Kwani hatari yao inafanana? Hatari kubwa iko katika saa zile ambazo bado anaitwa mgonjwa wa malaria.

Wengine watasema tutumie modeli inayomfuata mtu mmoja mmoja: kila nesi, kila kitanda, kila boksi la glavu. Sawa, hiyo inaweza kuuliza swali la maana: mgonjwa akigundulika getini siku ya kwanza badala ya ya nne, wangapi wanapona? Lakini inakula takwimu. Nani alimgusa nani? Mikono ilinawiwa mara ngapi, na maji yalikuwepo? Rejesta za wodi haziandiki hayo. Bila hayo utapata grafu nzuri iliyojengwa juu ya kubahatisha.

Kwa hiyo, modeli ya 2007 itumike kupanga vitanda na mazishi, isitumike kuamua nani apewe glavu. Na wewe unayetaka kuandika programu mpya, kaa kwanza wiki moja kwenye benchi la wagonjwa wa nje, na daftari mkononi, uhesabu.