Kisu Kidogo Katika Nchi ya Vumbi

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa, mashariki ya Dodoma. Matrekta yalishushwa, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, na kazi ya kung'oa vichaka ikaanza. Ardhi haikukubali. Jua la kiangazi liliukausha udongo ukashikana na kugoma kupasuka, na mchanga uliomo ndani yake ukatafuna vyuma vya majembe upesi kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Yameandikwa mengi juu ya mvua, haraka na siasa za mradi ule, na yanastahili kuandikwa. Mimi lakini hurudi kila mara kwenye mchanga, kwa kuwa mchanga wa aina hiyo ndio unaopeperuka barabarani, unaingia mfukoni, na kukiua kisu kidogo kinachoning'inia pamoja na funguo.

Uwanda wa kati umekaa juu ya graniti ya kale sana. Miamba ile inapomomonyoka huacha chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kisu cha kawaida. Huko pwani adui wa kisu ni chumvi: wiki moja ya uzembe, na springi imeshika kutu. Hapa hewa ni kavu miezi mingi ya mwaka, na kutu si tishio kubwa. Tishio ni vumbi. Linajipenyeza kwenye kiungo cha kisu, linakutana na mafuta, linakuwa uji unaosaga, na kila unapokikunjua kisu chako unasaga kidogo ribiti iliyoshika bapa. Siku moja utakishika uone kimeanza kucheza.

Ndiyo maana ninaposikia watu wakisifu ukali wa kisu kipya, huwa nataka kwanza kuona kiungo chake. Nenda mnada wa Msalato hapa Dodoma siku ya Jumamosi, ambako visu hupangwa juu ya turubai kando ya mikanda, tochi na kufuli, au pita Soko la Majengo. Vingi vina bapa zuri kabisa. Kasoro huwa kwenye ribiti iliyotengenezwa kwa chuma laini, au kwenye mbavu nyembamba zinazopinda ukizibana kwa vidole. Kikunjue kisu, kishike ncha, kitikise kushoto na kulia. Kisha kiinue kwenye mwanga utazame kati ya kisigino cha bapa na springi ya mgongoni. Mwanga ukipita, kirudishe kwenye turubai.

Kazi za kisu hiki ni ndogo, ila hazina mwisho. Tangu serikali ihamie hapa na Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, ujenzi haujapumzika, na kisu cha funguo kinakata kamba za mabati, kinafungua mifuko ya saruji, kinamenya ngozi ya waya wa umeme mikononi mwa fundi aliyesahau koleo nyumbani. Sokoni kinakata nyuzi za magunia ya mtama na uwele. Kule Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu, kinakata kamba za kufungia matawi. Mchana kinamenya chungwa, jioni kinachonga kijiti cha meno baada ya nyama choma. Mfuko wa saruji peke yake unatosha kukiadhibu, maana unga wa saruji nao unasaga.

Kisu cha funguo chenye jina kubwa kuliko vyote duniani kinatoka Ibach, Uswisi, ambako Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, na mwaka 1891 akapeleka visu vya kwanza kwa jeshi la nchi yake. Kidogo chao cha ringi, Victorinox Classic, kina urefu wa milimita 58 kikiwa kimekunjwa. Jambo linalonivutia kwao ni kwamba chuma chao hawakukifanya kigumu kadiri walivyoweza. Kwa kipimo cha Rockwell, mabapa yao yanafika 56 hivi, wakati viko visu vya wapenzi wa visu vinavyopita 60. Kisu kigumu hukaa na makali muda mrefu, kisha kikimeguka kinahitaji jiwe la almasi na mtu mwenye subira. Kisu laini kiasi hupoteza makali mapema, lakini yeyote mwenye jiwe bapa anayarudisha. Waliokitengeneza walimfikiria mtu aliye mbali na duka.

Wahunzi wa hapa kwetu nao waliufikia uamuzi huo huo, tena bila kipimo cha Rockwell. Ufuaji wa chuma ni wa zamani katika uwanda huu. Kule Kondoa, karibu na Haubi na Pahi, mabaki ya kuyeyushia chuma bado yamo ardhini. Mhunzi wa leo hayeyushi mawe. Anachukua springi ya lori iliyokatika, anaiweka kwenye makaa, mvukuto unapuliza, anaifua mpaka inalala. Bapa likishapata umbo analipasha tena hadi liwe jekundu lote sawasawa, analizamisha kwenye mafuta machafu ya injini, na hapo limekuwa gumu kiasi cha kuvunjika likianguka sakafuni. Sasa inakuja hatua ninayoiheshimu kuliko zote. Analing'arisha upande mmoja, analirudisha karibu na moto taratibu, na kutazama rangi. Manjano hafifu kama majani makavu ya kiangazi: hapo hapo analitoa. Akichelewa kidogo rangi inageuka zambarau, kisha buluu, na makali hayatakaa. Sekunde chache, jicho lake, basi. Chuma kimepunguziwa ugumu makusudi ili kidumu.

Jicho hilo hilo analo mnoa visu mzuri, yule anayezunguka mitaani na jiwe lililofungwa kwenye baiskeli, akipiga pedali palepale aliposimama. Jiwe linalozunguka kwa kasi linazaa joto, na ukingo wa kisu kidogo ni mwembamba mno. Ukiona buluu pale makalini, kazi ya kiwandani au ya mhunzi imefutwa papo hapo. Mnoaji hodari huchovya kisu majini kila baada ya mpito mmoja au miwili. Aliye hodari zaidi hukigusa kidogo sana kwenye baiskeli, kisha anamalizia kwa mkono kwenye jiwe lililolowa, akipima pembe kwa kidole gumba. Huyo ndiye wa kumpa kisu cha funguo, kwa sababu bapa lake halina nyama ya kupoteza.

Na kiungo? Maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kikunjue na kukikunja ndani yake mpaka vumbi litoke, kikauke juani, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Si mafuta ya kupikia, ambayo huganda na kukamata vumbi zaidi. Kikiwa kimeanza kucheza, fundi hukilaza juu ya chuma kizito na kuigonga ribiti kwa nyundo ndogo, pigo jepesi, anajaribu, pigo jingine. Akizidisha, kisu hakikunjuki tena.

Mafundi hawa wengi hukaa juani, kwenye kona wanazofukuzwa kila soko linapopangwa upya. Katika masoko mapya ya jiji ningependa watengewe meza, kivuli na bomba la maji karibu. Maji hasa: mnoaji aliyeishiwa maji saa nane mchana ama anafunga kazi, ama anaunguza visu vya watu.