Baji wanne, baridi ya Sumbawanga na jiko la mkaa

Asubuhi moja ya Julai nilifunua blanketi juu ya tundu nikakuta baji mmoja amelala chini, miguu juu. Wenzake watatu walikuwa wamejikunyata kwenye kijiti, midomo wazi, mikia ikipanda na kushuka kwa kila pumzi. Nilibeba tundu zima hadi barazani. Baada ya muda wale watatu walifumba midomo, na mmoja akaanza kulia.

Jirani yangu alitoa hukumu kabla sijamaliza kusimulia. "Baridi hiyo, ndugu yangu. Ndege wa Dar hawezi huku." Nami nilimwamini, kwa sababu Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe upepo wa uwanda wa Ufipa unapita hata chini ya mlango uliofungwa. Ndege wangu nilikuwa nimewaleta kwa basi kutoka Dar es Salaam, kupitia Mbeya na Tunduma, kutoka joto la pwani moja kwa moja hadi huku. Hukumu ya baridi ilikaa vizuri sana. Ila haikuwa kweli.

Baji, ambaye wengi humwita kasuku mdogo, asili yake ni nyanda kame za Australia, mahali ambapo mchana unachoma na usiku unaweza kuwa wa baridi kali. Mwaka 1840 mtaalamu wa ndege John Gould alirudi Uingereza na baji walio hai, na tangu hapo Waingereza wamewafuga vizazi kwa vizazi, wengi wao katika mabanda ya nje yasiyo na joto lolote, majira ya baridi yakija na kupita. Ndege anayestahimili Desemba ya Uingereza hafi kwa Julai ya Sumbawanga, mradi awe mkavu, asipigwe na upepo, awe ameshiba kabla ya giza, na awe amezoezwa hali hiyo polepole. Hilo la kuzoezwa ndilo nililokosea kwanza. Ningewaleta Septemba, wangekuwa na miezi mingi ya kuzoea kabla ya kipupwe kufika.

Kilichomuua ni huruma yangu. Usiku ule niliingiza jiko la mkaa sebuleni, nikafunga dirisha, nikaenda kulala chumba kingine. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Inaua watu pia, na haibagui. Ndege ndiye anayetangulia. Mapafu yake yameunganishwa na mifuko ya hewa iliyosambaa mwilini, hewa hupita ndani ya mapafu kwa mkondo wa upande mmoja, na kila pumzi humpa oksijeni nyingi kuliko tunayopata sisi. Uzuri huohuo wa maumbile humfanya avute sumu haraka. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka mashimoni na ndege wadogo wa tunduni kwa sababu hiyo, na kazi hiyo ilikomeshwa mwaka 1986 tu, vilipokuja vipimo vya kielektroniki.

Tangu siku ile jiko haliingii chumba cha ndege, hata likiwa na majivu tu. Wala sikaangi kwa kikaango kisichogandisha karibu nao, maana kikipata moto kupita kiasi mvuke wake humuua baji kwa dakika chache. Tundu nimelisogeza kwenye ukuta wa ndani, kimo cha kifua, mbali na mlango. Jioni nalifunika pande tatu na juu, mbele naacha wazi. Nimefanya hivyo tu, na wale watatu wamevuka kipupwe.

Joto lao halisi linatoka kwenye chakula. Baji mzima ana uzito wa gramu 30 hadi 40, na mwili wake uko kwenye nyuzi joto 41 hivi. Kiwiliwili kidogo namna hiyo hupoteza joto upesi, na usiku ndege hula akiba aliyojaza kifukoni mwa shingo jioni. Kwa hiyo saa kumi na moja jioni ndiyo saa yangu ya kukagua bakuli, na hapa pana mtego. Baji habugii punje, anabangua. Anaigeuza kwa ulimi, anavua ganda, anameza kiini, na ganda linarudi bakulini. Baada ya siku mbili bakuli linaonekana limejaa pomoni kumbe ni makapi matupu, na ndege anashinda njaa mbele ya macho yako. Mimi humimina kwenye ungo mdogo na kupepeta. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo, bakuli lililojaa lilibakisha punje zisizojaa kijiko cha chai.

Na chakula chenyewe, Ufipa imejaliwa. Nafaka ya asili ya uwanda huu ni ulezi, unaolimwa kwa ntumba: majani yanafukiwa chini ya matuta ya mviringo, yanaoza, maharage yanapandwa juu yake, na msimu unaofuata matuta yanasambazwa na ulezi kupandwa. Baji kwao hula mbegu ndogo za nyasi, na ulezi ni mbegu ndogo ya nyasi. Hakuna haja ya kuagiza pakiti la mbegu za kigeni kutoka mji mkubwa wakati sado ya ulezi iko sokoni. Ulezi unasifiwa pia kwa wingi wa kalsiamu kuliko nafaka nyingi, ila tusidanganyike: sehemu kubwa ya madini hayo imo katika ganda, na ganda ndilo analolitupa. Sisi tuko mbali na bahari, mfupa wa ngisi haupatikani kirahisi, basi mimi huchemsha maganda ya mayai, nayakausha na kuyasaga.

Mbegu kavu peke yake haitoshi, na hapa ndipo wafugaji wengi wanapowapoteza ndege taratibu bila kujua. Ina upungufu wa vitamini A na iodini. Kina mama wanaotengeneza kimea cha pombe walinifundisha bila kukusudia: loweka ulezi usiku kucha, suuza, uache uote siku moja au mbili. Vijichipukizi hivyo huliwa kabla ya kitu kingine. Suuza asubuhi na jioni, na ukinusa uchachu au ukiona ukungu, mwaga wote. Mchicha na karoti kila siku. Alizeti, ambayo mkoa wetu wa Rukwa haukosi, ina mafuta mengi. Iwe punje chache za kumzoeza mkono. Mahindi na karanga zenye kuvu usimpe hata kwa majaribio, sumukuvu huharibu ini. Parachichi ni sumu kwake, nyama yake, kokwa na majani.

Tundu lilichomelewa na fundi wa hapa mjini. Nilimwambia mambo mawili: liwe refu kwa mlalo, maana baji huruka kwenda mbele kama wewe unavyotembea, na nafasi kati ya waya isizidi milimita 12 ili kichwa kisipenye. Waya mpya wenye rangi ya fedha una zinki, na baji hutafuna kila kitu, kwa hiyo niliusugua kwa brashi na siki, nikausuuza na kuuanika. Vijiti ni matawi ya mpera, manene kwa membamba, ili nyayo zisikandamizwe mahali pamoja.

Usimfuge mmoja. Ni ndege wa makundi, na kioo si mwenzake. Mgeni akija, akae chumba kingine siku 30. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, kwa kuwa baji mgonjwa hujificha: atakula mbele yako huku anakonda. Manyoya yaliyovimba mchana, mkia unaopiga kama pampu, magamba meupe kuzunguka mdomo, hizo ni dalili za kwenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimpimie kwa kukisia dawa ya kuku. Dozi ya kuku ni ya kilo, huyu ni wa gramu. Nawe, lowesha kinyesi kabla ya kufagia, kwani vumbi lake laweza kubeba bakteria wanaomwambukiza binadamu homa ya mapafu.

Kuna anayeniuliza kwa nini nisitege kasuku wa porini, ambaye ni bure. Kumtega na kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na hata bila sheria, ndege aliyezaliwa porini anaweza kufa kwa hofu tunduni. Baji amezaliwa tunduni vizazi vingi. Ndiye wetu wa kumtunza.

Kwa hiyo msomaji wa Sumbawanga, Laela au Namanyere unayetaka kununua jozi kabla ya kipupwe kijacho: subiri joto lirudi, na kabla hujamwita fundi wa tundu, amua kwanza jiko la mkaa litakaa wapi.