Ukuta wa Mmimina Maziwa

Anayeanza rangi za mafuta kwa kawaida hupewa tunda na bakuli. Mimi ningempa picha ya mtu mwingine ainakili, tena ngumu: mwanamke anayemimina maziwa, kazi ya Johannes Vermeer wa Delft, iliyochorwa karibu mwaka 1660 na ambayo sasa imo katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Ni picha ndogo, sentimita 45.5 kwa 41. Mna mtumishi, meza, mikate, dirisha upande wa kushoto, na ukuta. Mwanafunzi hukimbilia maziwa. Kazi yenyewe iko ukutani.

Ukuta ule ni mweupe kwa jina tu. Upake weupe kama ulivyotoka kwenye tyubu uone picha itakavyokufa. Karibu na dirisha umefifia na kuwa kijivu. Kadiri unavyokwenda kulia ndivyo unavyong'aa. Sasa mtazame mtumishi: ubavu wake unaopokea mwanga uko mbele ya sehemu yenye kivuli, na ubavu wenye kivuli uko mbele ya sehemu inayong'aa. Hata hivyo Vermeer hakuridhika. Ukingoni mwa upande wa kivuli alipitisha mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Mtazamaji anaweza asiuone maisha yake yote. Mwenye burashi atauona tu, kwa sababu asipouweka, mwanamke wake anagandamana na lipu. Pale juu pia kuna msumari na kivuli chake, na matundu yaliyoachwa na misumari mingine. Nani angesumbuka kuchora tundu la msumari?

Rangi ya mafuta inafaa kwa utazamaji wa namna hii kwa kuwa ni mvivu. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Hushika oksijeni ya hewani na kugangamaa polepole, na ulichokosea asubuhi bado unaweza kukifuta jioni kwa kitambaa. Sharti ni moja: tabaka za chini ziwe na mafuta machache kuliko za juu, la sivyo picha itapasuka. Wanafunzi wa Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam nao walijifunza kwa kunakili kazi za mwalimu wao, ila kwa rangi ya baiskeli inayokauka upesi na isiyomvumilia anayesitasita.

Mwaka 2022 Rijksmuseum ilitangaza kwamba watafiti wamegundua vitu viwili chini ya rangi: ubao wa kutundikia magudulia nyuma ya kichwa cha mtumishi, na kikapu cha moto chini kulia. Vermeer alivianza, kisha akavifunika. Kumbe ukuta mtupu ulikuwa uamuzi, na mnakili, ambaye hana ubao wala kikapu cha kujificha nyuma yake, analazimika kuuchora wote.

Makumbusho ya Louvre, Paris, huwaruhusu wanakili kuketi mbele ya picha kwa masharti: nakala izidi au ipungue ukubwa wa picha ya asili kwa moja ya tano, na sahihi ya mchoraji isirudiwe. Yamewekwa ili kuzuia ughushi, lakini hilo la ukubwa naona linamfaa zaidi mwanafunzi. Hawezi kufuatisha mistari kwa karatasi. Itabidi apime upya kila umbali, kutoka msumari hadi dirisha, kutoka kiwiko hadi mdomo wa gudulia.